Namba za Muda

Bwawani, 4 Machi

Mama Chiriku, mke wangu,

Salamu zisizo na hesabu. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa cheche za kuchomelea. Usicheke mwandiko, naandikia juu ya pipa. Huku bondeni simu ni ya kutazamia saa tu, kwa hiyo barua hii inapanda na lori la saruji.

Sasa kaa chini. Gari nimenunua! Ni dogo, rangi ya majivu, na mlango wa nyuma ni mpana, utamwingiza Chiriku na plasta zake zote mbili bila kumgongesha. Nimechoka kulala nikiwaza unavyombeba mgongoni kila Jumanne hadi kliniki, mtoto wa miaka minne mwenye miguu mizito kama matofali. Daktari alisema nyayo zake zitanyooka mkifika kila wiki bila kukosa. Basi hamtakosa.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Yadi ya magari iko kule mjini kwa Mama, na hawauzi mpaka mnunuzi asimame mbele yao na kitambulisho. Mimi niko huku shimoni. Aliyesimama ni Mama, kwa hiyo gari limeandikwa kwa jina lake. Limepewa namba za muda, zile za karatasi, moja kioo cha mbele na moja nyuma. Masharti yake ni kwamba uende nalo kwenye shida zako tu, usibebe abiria wa nauli, na mwezi mmoja usipite. Kabla haujapita, Mama aende ofisi ya usajili kule kwake atie sahihi, ndipo zitoke namba za kudumu kwa jina lako. Ni lazima afike mwenyewe. Mwezi ukipita, trafiki wana haki ya kulichukua.

Usiwe na wasiwasi. Ni Mama.

Dereva wa yadi atakuletea wiki ijayo. Leseni uliyoihangaikia imepata kazi. Mbusu Chiriku kwenye kila kidole cha mguu.

Mumeo,
Fundi


13 Machi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Gari limefika salama. Chiriku amelipa jina, analiita Shangazi, kwa sababu eti limekuja kututembelea na halina mpango wa kuondoka. Tumekwenda nalo kliniki jana. Muuguzi alipotuona tumefika wakavu hata viatu havina tope, alipiga vigelegele.

Mama, asante kwa kusimama yadini kwa niaba yetu. Sasa nakuomba tena, na ninaona haya. Baba Chiriku amesema namba hizi za karatasi zina mwisho, na ofisi haimsikilizi mtu ila wewe. Je, nije nikuchukue mlangoni kwako nikupeleke hadi dirishani? Au nikutumie nauli, siku utakayopenda? Sitaki kukusumbua, ila muda wa karatasi unakwenda na hautusubiri.

Mkweo mtiifu,
Mama Chiriku


21 Machi

Mama Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta kama kuna mahali umeuliza hali yangu. Sikupaona, lakini macho yangu ni ya uzeeni.

Siku ile ya yadi nilisimama tangu asubuhi kwa ajili ya gari nisilolipanda. Nilimuuliza yule mwuzaji, "Linakwenda kwa nani?" Akasema, "Kwa mkweo, bibi." Nikasema haya, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na faida ni ya jirani. Huyo mumeo nilimlea kwa kufua nguo za watu. Nilimbeba mgongoni huku nina kapu la nguo kichwani, na hakuna aliyeniletea gari. Mgongo haukukatika. Migongo ya siku hizi sijui imetengenezwa kwa nini.

Ofisi ya usajili ina ngazi, na magoti yangu yananipiga vita. Yakipoa nitakwenda. Usinitumie nauli, mimi si mzigo wa kusafirishwa.

Kuhusu miguu ya mtoto, sipendi kukuumiza, lakini kwetu hakuna miguu ya namna hiyo. Labda uulize kwenu.

Nitakuja kumwona mjukuu kabla mwezi haujakatika.

Ni mimi,
Mama yake mumeo


26 Machi

Baba Chiriku,

Tumepokea salamu, na vidole vyote kumi vimebusiwa. Gari linakwenda kama maji. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua kidogo, lakini ameahidi kwenda ofisini na atakuja kututembelea. Ana moyo mzuri kwa mjukuu wake.

Plasta zimebadilishwa tena. Daktari amesema mguu wa kulia umeanza kusikia, wa kushoto bado mkaidi kama baba yake.

Wewe huko juu ya vyuma usiwe na mawazo. Mtu mwenye mawazo huteleza.

Mkeo


10 Aprili

Mwanangu wa pekee,

Nimerudi jana kutoka kwako. Nimekaa siku tatu. Chakula nilipewa, kitanda nilipewa, siwezi kusema nilinyimwa. Mtoto anaongea kama redio iliyosahauliwa.

Sikutaka kuandika, nikasema nyamaza, mambo ya mke na mume ni kaa la moto. Lakini nilikuzaa mimi. Gari lako kila likitoka lina mwanaume kiti cha mbele. Anafika asubuhi, anabisha hodi mara moja tu, anafunguliwa. Nilimuuliza mkeo ni nani, akatazama chini, akasema, "Ni jirani tu, Mama."

Sisemi kitu. Muulize mwenyewe kama hana jambo la kukuambia. Mtu msafi hana cha kuficha.

Mama yako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Chiriku bado anaweka kiti chako mezani na hataki mtu akikalie.

Mama, nimeona nikueleze vizuri lile uliloniuliza, maana nilijibu kwa haya. Yule uliyemkuta ni Mzee Breki wa nyumba ya tatu. Alikuwa dereva wa mabasi mpaka alipostaafu, ndiyo maana anaitwa hivyo. Mimi leseni ninayo, lakini barabara kuu naiogopa, malori yakinipita mikono inalowa. Yeye hukaa pembeni yangu na kuniambia, "Taratibu mwanangu, lori halina haraka ya kukuua." Nakuomba usimwambie Baba Chiriku. Akijua naendesha kwa hofu, atakuwa na hofu yeye, na kazi yake ni ya kupanda juu.

Kubwa zaidi, Mama, karatasi imekwisha muda. Niliweka matumaini kwamba ulipokuja ungekuwa na habari ya ofisi, nikaona aibu kukuuliza ukiwa mgeni. Sasa sijui nifanyeje. Jumanne hii na zinazofuata ndizo daktari alizosema hazikoseki kabisa, miguu iko katikati ya kugeuka. Niliache gari nyumbani nimbebe mtoto mgongoni? Mvua zimeanza. Plasta ikilowa imeharibika.

Kama magoti hayajapoa, nitakuja nikubebe wewe mgongoni hadi hizo ngazi. Sisemi kwa utani.

Mkweo,
Mama Chiriku


18 Aprili

Mama Chiriku,

Marahaba mwanangu. Usilie na karatasi. Nimeshazungumza na wakubwa wanaohusika, hakuna atakayekugusa. Endesha gari lako. Jumanne mpeleke mtoto kama kawaida, pitia barabara ya daraja, ile nyingine ina mashimo.

Na la yule mzee limebaki kati yetu.

Mama


25 Aprili

Mwanangu,

Lile nililoliogopa limetokea. Gari lako limekamatwa darajani, muda wa namba umekwisha na mkeo hakunipa hata tetesi kwamba umekwisha. Ningejua, si ningekwenda ofisini hata kwa kutambaa? Na alipokamatwa hakuwa peke yake. Yule yule alikuwa kiti cha mbele. Trafiki wameona, watu wa darajani wameona. Nakuandikia nikiwa na aibu ya kuazima, maana yenyewe si yangu.

Nakungojea useme. Wewe ndiye mwanaume wa nyumba ile, au kuna mwingine?

Mama yako


27 Aprili

Baba Chiriku,

Sisi wazima. Barua yako fupi niliipata, ile ya kuuliza kama nina jambo la kukuambia. Nilicheka. Jambo gani? Labda kwamba nimekuzoea kwenye barua, ukirudi nitakusalimia kwa maandishi.

Gari nimelipumzisha kidogo. Mama hajambo. Chiriku ana mafua, lakini yatapita.

Jitunze huko juu.

Mkeo


8 Mei

Kwako,

Nimeweka barua mbili mbele yangu. Moja ni ya mama yangu, inasema gari limekamatwa na wewe ulikuwa ndani na mwanaume wako. Nyingine ni yako, inasema gari umelipumzisha. Umelipumzisha! Nilikupa nafasi, nikakuuliza kwa mkono wangu, ukacheka.

Nimechoma vyuma kwenye joto la kuzimu nikununulie gari la kumpeleka mtoto wangu hospitali, wewe ukaligeuza kitanda cha kutembea. Na sasa nikikumbuka ile miguu najiuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza.

Kuanzia leo wewe si mke wangu. Nyumba ile kodi yake nalipa mimi, utoke mwezi huu. Gari nimemwambia Mama alifanyie usajili kwa jina lake na libaki lake. Usiniandikie.

Fundi


16 Mei

Baba Chiriku,

Umesema nisiandike. Nitaandika mara hii ili uwe umeambiwa.

Mwanaume wangu ana miaka sabini na mitatu. Ni Mzee Breki. Mkewe aliposikia habari hii alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kulia, kwa sababu mzee mwenyewe hajatoka kitandani tangu siku ile.

Siku ile ilikuwa hivi. Trafiki wawili walikuwa darajani. Waliacha magari yote yakapita, langu wakalisimamisha. Mmoja akasema, "Wewe ndiye Mama Chiriku?" Nikasema ndimi. Akasema, "Shuka. Namba zimekwisha muda."

Nikamwambia, "Afande, gari chukueni, lakini nifikisheni kliniki kwanza, mtoto ana plasta na mvua inakuja."

Akanitazama kama mtu anayeona haya. Akasema, "Mama, kwa shida kama hii sisi hufumba macho. Lakini mwenye gari mwenyewe ametuma neno tukusubiri hapa. Tutafanyaje?"

Mzee Breki akasema, "Mwanangu, mtazame mtoto miguu." Yule mwingine akamwambia, "Mzee, na wewe shuka."

Mvua ilitukuta kabla ya soko. Nilimfunika Chiriku kwa kanga, nikamfunika kwa gauni langu la juu, nikabaki na shimizi barabarani, na watu wakinitazama. Mzee alimpokea akambeba begani, akaenda mpaka kifua kikamkatalia, akakaa kwenye tope. Tulifika kliniki imefungwa. Plasta zilikuwa uji. Siku zilizofuata nilikosa wa kutubeba, na plasta zilipokuja kukatwa, ngozi ya ndani ilikuwa imeoza. Daktari alilazimika kuziacha wazi mpaka vidonda vipone, na miguu ikarudi kama ilivyozaliwa. Sasa plasta peke yake haitoshi, watapasua.

Chiriku, unayemjua wewe, hakusema neno njia nzima. Mpaka leo anasema kidogo sana.

Nilimwandikia mama yako kwamba muda umekwisha. Alinijibu kwamba niendeshe, na kwamba nipite barabara ya daraja. Barua yake ninayo, lakini sikutumii. Ukitaka kujua, unaye mama, muulize. Nilichokuficha ni ubaya wake tu. Nilidhani ndivyo mke mwema anavyofanya.

Nyumba nimetoka. Tuko kwa mama yangu mdogo.

Mama Chiriku


26 Mei

Mama,

Shikamoo. Nataka neno moja tu. Ni wewe uliyewatuma trafiki darajani? Nakuomba uniambie ukweli, mama yangu.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ndiyo, ni mimi.

Umeuliza kwa heshima nami nakujibu kwa heshima. Mkuu wa trafiki wa mji wenu nilimfulia sare zake tangu hajaota ndevu, na mpaka leo ananiita Mama. Nilimwambia gari langu linaendeshwa kinyume cha sheria, akasema, "Tutalishika." Na kweli lilikuwa kinyume cha sheria. Nimesema uongo wapi? Mwanaume alikuwemo ndani, hakuwemo? Umri wake hukuniuliza.

Mvua sikuileta mimi.

Sikia. Nilipokupa titi nilikuwa na miaka kumi na tisa na baba yako ameshaondoka. Sikuolewa tena ili usipate baba wa kukunyanyasa. Nimengoja maisha yangu yote siku utakayosema, "Mama, kaa, sasa pumzika." Siku ilipofika, ulinituma yadini nikamchukulie gari mwanamke mwingine. Kama mtu wa kutumwa! Wewe ulifikiri mimi nina moyo wa mti?

Mke ni namba za muda, mwanangu. Ni karatasi. Mvua ikinyesha inabanduka. Mama ndiye bati, limepigwa chapa, halifutiki.

Gari nimelitoa kituoni na usajili umekwisha, namba za kudumu zimefungwa mbele na nyuma, zinang'aa. Ngazi za ofisi nilizipanda zote, wala magoti hayakunong'ona.

Mama yako


29 Juni

Baba Chiriku,

Barua zako tatu nimezipata. Nimezisoma zote, hata ile iliyolowa machozi, kama ni machozi kweli na si jasho la huko kwenye moto.

Unasema umedanganywa. Si kweli. Uliambiwa, ukapenda kuamini. Mama yako alinitesa kama adui, na adui hakuniahidi kitu chochote. Wewe ndiye uliyeniahidi. Na lile neno kuhusu miguu ya mtoto hakukuamuru mtu uliandike. Lilitoka kwako lenyewe.

Sirudi. Nashona mashuka na nguo za wagonjwa hapa hospitali, wamenipa cherehani na meza karibu na dirisha. Chiriku amepasuliwa miguu yote miwili. Anasimama kwa kushika kitanda, anatoa kilio, anakaa, anasimama tena. Daktari hasemi kama atatembea vizuri. Anasema, "Tutaona." Mzee Breki tulimzika wiki iliyopita. Mpaka mwisho alikuwa ananiuliza kama kosa lilikuwa lake, kwamba asingekuwepo garini pengine wangetuachia. Nilimwambia hapana. Sijui kama aliniamini.

Usije hapa. Jana Chiriku aliona bahasha akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mtu mmoja aliyekosea anwani. Akasema, "Basi mrudishie."

Ndizo hizi, zote tatu, zimo humu ndani.

Mama wa mtoto


20 Julai

Mwanangu wa pekee,

Nimesikia kwamba huli vizuri na kwamba msimamizi amekuteremsha kutoka juu, sasa unachomelea chini. Afadhali. Chini hakuna wa kuanguka.

Huzuni ya mwanaume dawa yake ni mwanamke mwingine, hilo halikuanza na wewe. Nimekutafutia. Ni binti wa fundi saa wa mtaa wa pili, mtulivu, ukimwita anaitika mara ya kwanza. Nilimtuma sokoni nikamfuata nyuma taratibu, nikimtazama anavyotembea. Miguu imenyooka kama penseli. Wazazi wake hawana maneno mengi, walipoona gari limesimama mlangoni kwao hawakuwa na maneno kabisa.

Ataishi na mimi hapa, wewe ukiwa kazini. Tutazoeana. Nimeshamwambia mimi si mtu mgumu.

Bibi harusi tutamchukua kwa gari letu wenyewe. Limeoshwa, viti nimevivisha vitambaa. Nyuma kulikuwa na alama ya mkono wa mtoto kwenye kioo, imetoka kwa sabuni ya unga.

Nasubiri neno lako.

Mama yako


3 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata. Huku kazi inaelekea ukingoni, maji yataanza kujazwa bondeni mwezi ujao na sisi wachomeleaji tutaruhusiwa kurudi.

Nilikuwa nimekaa na jibu la Mama Chiriku wiki nyingi. Kila nikishika kalamu nimjibu, naona hakuna pa kuanzia. Nimeacha.

Kuhusu huyo binti, fanya unavyoona. Niandikie tarehe tu, nitafika.

Mwanao